Kwenu Kuna Aliyefungwa?

Kazi iliyonifundisha kuishi Birmingham ilikuwa kumsomea bibi mmoja wa Kizungu vitabu kuhusu wezi. Sikuajiriwa kwa ajili hiyo. Kampuni ilinituma nyumbani kwake Kings Heath nimwogeshe, nimpikie na kuhakikisha amemeza dawa zake. Lakini macho yake yalikuwa yamefifia, na kwa kuwa yeye ndiye niliyemalizia siku kwake, tulipomaliza mambo ya mwili alinikalisha kando ya dirisha, akanyoosha kidole kwenye rafu na kusema, "Leo tuendelee na yule mjinga wa juzi."

Mjinga wa juzi alikuwa daktari wa gereza aliyekufa zamani sana. Rafu nzima ilikuwa ya watu wa aina yake, madaktari wa enzi za kina babu waliowapima wafungwa vichwa, urefu wa mikono na umbo la masikio, wakitafuta alama ya kuzaliwa nayo itakayomtenga mwizi na mtu mwema. Waliamini uhalifu unarithiwa kama rangi ya macho. Bibi alikuwa akiandaa mazungumzo juu yao, ayatoe mbele ya wazee wenzake wanaopenda historia, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilisoma kwa lafudhi yangu ya Kenya, nikikwama kwenye maneno ya Kilatini, naye akinisahihisha kwa upole mara moja, na mara ya pili kwa ukali.

Nilimpenda kwa sababu hakuwa mpole. Mimi mwenyewe ni mwepesi wa hasira, na watu wapole hunichosha. Bibi alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatembelea wafungwa katika gereza kubwa la hapa mjini, akiwafundisha kusoma wale ambao hawakuwahi kufundishwa. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliianza kwa kufungwa. Watu wa dini yao, dini inayosali kwa kukaa kimya, hawapigani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, baba yake akakataa kushika bunduki, serikali ikamtia ndani. Humo ndani daktari alimbana kichwa kwa chombo cha chuma kinachofanana na koleo la mkaa, akaandika kwamba masikio ya mfungwa huyu yamesimama mbali na kichwa, jambo linaloonekana sana kwa wahalifu.

Bibi alinionyesha ya kwake. Yalikuwa yamesimama kweli.

"Haya ni masikio ya jela," aliniambia, akiyavuta kidogo. "Nimeyarithi yote mawili."

Baba yake alipotoka hakuwaacha wakubwa wapumzike. Alitaka wafungwa waruhusiwe kuzungumza, maana siku hizo hata salamu ilikuwa kosa. Alitaka wapewe vitabu, wafundishwe kazi ya mikono. Lakini msidhani bibi aliwasifu wote waliojiita wapenda wafungwa. Wale wa mwanzo kabisa, alinieleza, waliwakuta watu wamerundikwa pamoja katika uchafu, wakashauri kila mmoja apewe chumba chake peke yake, atubu kwa utulivu. Walikwenda kulala wakijiona wametenda wema, na huko vyumbani watu wakarukwa na akili. Bibi alisema mtu akikutakia mema ni lazima umwulize kwanza atakufungia wapi. Nilicheka sana siku hiyo, na tangu hapo nimeliuliza swali hilo mara nyingi, hata kanisani.

Siku moja nilifungua ukurasa uliokuwa umekunjwa mara kadhaa. Ulipokunjuka ukawa mchoro wa ukoo mmoja. Babu juu, watoto chini yake, wajukuu chini yao, na kando ya kila mtu neno moja tu. Mwizi. Mlevi. Kichaa. Mwizi. Nilianza kumsomea bibi, nikafika kwa wajukuu. Nikakifunga kitabu kwa kishindo.

"Mimi sisomi upuuzi huu," nikasema.

Bibi hakuuliza kitu. Alikaa kimya kama wanavyokaa kanisani kwao, na kimya chake kilikuwa na nafasi ya mtu mwingine kuingia. Basi nikaingia. Nikamwambia kwamba ukoo wangu mimi ungechoreka vizuri tu. Babu yangu alifungwa wakati wa mkoloni. Baba yangu alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kahawa, na nikiwa darasa la tano aliwafungulia watu lango, magunia yakatoka, akahukumiwa. Shuleni nikaitwa mtoto wa magunia. Jina hilo nilitembea nalo hadi nikapanda ndege, na kusema kweli hata ndani ya ndege nilihisi limekaa kiti cha nyuma yangu.

"Babu yako alifanya nini?" bibi akauliza.

"Aliwakataa nyinyi."

Akasema, "Kwenye mchoro huo angeandikwa mhalifu. Baba yangu pia. Uwe unaangalia ni nani aliyeshika kalamu. Na baba yako?"

"Baba yangu aliiba kweli."

"Basi aliiba," akasema. "Hilo alilifanya yeye. Hukulifanya wewe."

Alinielekeza kitabu kingine, kinene, cha daktari Mwingereza aliyechoshwa na habari za masikio. Yeye aliwapima wafungwa maelfu, kisha akawalinganisha na wanafunzi wa chuo kikuu na wanajeshi. Alama ya mhalifu hakuiona. Wezi na wasomi walikuwa na vichwa vilevile. Nilifurahi hadi nikapiga makofi, na bibi akaniambia nigeuze kurasa nisifurahi mapema. Kumbe daktari yuleyule, baada ya kuivunja hoja ya masikio, aliendelea kusema kwamba wafungwa wengi wamezaliwa na akili pungufu, na ingekuwa vyema wasiongezeke. Nilitukana kwa lugha ya mama. Bibi aliniomba nirudie polepole ajifunze.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba maswali ya wale madaktari niliyajua tangu utoto. Ni maswali ya kina shangazi. Kwetu mtu akitaka kuoa, watu wazima huchunguza ukoo kabla ya kukubali chochote: kwao kuna kifafa, kuna wazimu, kuna wachawi, kuna mtu aliyewahi kuiba akafungwa? Wazungu walitafuta koleo na vitabu vinene. Sisi hutuma watu wazima wawili watatu, wakanywa chai, wakauliza.

Na mimi nilikuwa nakaribia kuulizwa. Mchumba wangu alikuwa Mkenya wa kabila jingine, dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Habari za baba nilimwambia kabla hata hajaniambia ananipenda, ili akitaka kukimbia akimbie mapema. Hakukimbia. Lakini aliyemlea ni baba yake mdogo, mwanamume mrefu wa mtaa wa Great Barr mwenye sauti ya kuhubiri, na huyo ndiye angekuja kuuliza. Mchumba wangu alimwogopa. Sikumlaumu sana. Kidogo nilimlaumu.

Upande wangu alikuwepo shangazi, dada wa baba, aliyeishi mtaa wa Shard End. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika na koti jepesi mwezi wa baridi kali, akanipa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi hadi nilipopata kazi. Sitakaa nimsahau kwa hilo, na nalisema mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kuwafanya mmwone mbaya.

"Wakiuliza baba yako, tutasema alifariki," akaniambia jikoni kwake, akikanda chapati. "Finish. Hakuna mtu anauliza marehemu maswali."

"Shangazi, baba yuko hai. Juzi ameniambia anapanda viazi."

"Si najua yuko hai? Ni ndugu yangu, tulinyonya titi moja. Lakini hawa watu wanakuja kutu-check, na wewe umri unaenda. Unataka kurudi kuwa mtoto wa magunia hapa UK?"

"Siwezi kumzika baba yangu ili nipate mume."

"Wewe hutamzika. Hiyo siku bibi arusi haongei. Mimi ndiye nitamzika."

Nililia kwa hasira ndani ya basi hadi mjini. Nilitaka ndoa hiyo. Nilimtaka yule mwanamume na maneno yake machache. Lakini kila nilipojiona nimevaa gauni, nilimwona pia baba kwenye shamba lake la viazi, hai, akiwa na binti aliyeolewa juu ya kaburi lake. Nikamweleza bibi yote, kesho yake, nikimkausha miguu. Alisikiliza, akasema hana la kunishauri kwa kuwa mila si zake. Halafu akauliza kama siku hiyo yote bibi arusi haruhusiwi kusema hata neno.

Nikamwambia liko neno moja. Mazungumzo yakiisha, kabla ya chakula, msichana huitwa mbele ya wageni na kuulizwa: tule? Akijibu kuleni, amekubali kuolewa. Hakuna anayetarajia jibu jingine.

"Ahaa," bibi akasema.

Sasa shangazi alikuwa na taabu ya viti. Wageni wangekuja wengi, na upande wetu tulikuwa yeye, mimi, na mama mmoja Mkongo jirani yake aliyeahidi kuja na pondu, kisamvu cha kwao. Haipendezi msichana kuonekana hana watu. Shangazi akafikiri, akaniambia, "Si uko na yule Mzungu wako? Mlete. Akae tu pale, aonekane." Bibi alipoalikwa alifurahi kama anayekwenda kuolewa yeye. Alivaa kofia.

Jumamosi adhuhuri sebule ya Shard End ilijaa. Wageni walileta kreti za soda, leso, na blanketi zito la kumpa shangazi. Mimi niliwekwa jikoni na sufuria za pilau na nyama ya mbuzi, mlango ukiwa wazi kidogo, naye shangazi alijua nimesimama nyuma ya mlango huo. Baba mdogo wa mchumba wangu alisali, akasalimia, akatania kidogo kuhusu barabara za huku zinazozunguka hadi mtu anajikuta alikotoka. Kisha akakohoa.

Kwa kabila lao, swali la ukoo huelekezwa kwa mkubwa kuliko wote upande wa msichana. Hiyo ndiyo heshima. Akaangaza macho sebuleni kumtafuta mkubwa. Hakutafuta sana. Mkubwa kuliko wote alikuwa amekaa kwenye kochi na kofia yake, akishikilia kikombe kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa amemleta ajaze kiti. Hakuwahi kufikiri kwamba kiti hicho kitajibu.

"Bibi yetu," mgeni akasema kwa Kiingereza cha heshima, "tunauliza bila ubaya wowote. Katika ukoo huu, yuko mtu aliyewahi kufungwa jela?"

"Ndiyo," bibi akajibu papo hapo. "Baba yangu. Na mjomba wangu. Halafu mimi."

Nilisikia kijiko kikianguka.

"Wewe, bibi?"

"Siku chache tu. Nilikata waya wa kambi ya jeshi. Nilikuwa nakaribia miaka sitini, kwa hiyo walinitafutia mto wa kulalia." Akafikiri kidogo. "Ni kila kizazi, ukihesabu. Baba yangu walimpima masikio."

Akavua kofia, akawaonyesha ya kwake. Mtu mmoja alipaliwa na soda, na baba yake mdogo, mwenye sauti ya kuhubiri, akaangua kicheko hadi akavua miwani. Sebule nzima ikacheka. Nyuma ya mlango nami nilicheka, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia neno jela likitajwa ndani ya nyumba yetu bila mtu kuinamisha kichwa.

Shangazi hakucheka. "Hiyo ni side ya Wazungu," akasema haraka. "Sisi kwetu ni watu wa amani. Baba wa msichana, kwa bahati mbaya, alishatutangulia."

Kicheko kikakatika. Baba yake mdogo akasema pole, pole sana, akawaomba wote wasimame wamkumbuke marehemu. Viti vikasukumwa. Kupitia mwanya wa mlango niliwaona wakisimama, vichwa chini, mchumba wangu akiwa mwekundu wa macho kwa aibu kwa sababu alijua. Mtu mmoja tu hakusimama. Bibi, aliyejua pia, alibaki kwenye kochi akitazama mbele kwa macho yasiyoona. Wageni walidhani ni miguu. Mimi niliyemkausha miguu hiyo kila siku nilijua inasimama vizuri. Dini yake haisemi uongo, hata kwa kusimama.

Nikaitwa. Niliingia na leso mabegani, nikasimama katikati ya zulia.

"Binti yetu," baba yake mdogo akasema, "tumeongea na watu wako, tumeelewana. Chakula kinanukia. Unasemaje, tule?"

Nilimtazama shangazi. Uso wake ulinisihi, na ulikuwa uso wa baba kabisa, nyusi zilezile.

"Msile kwanza," nikasema. "Baba yangu yuko hai, na hajaulizwa."

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Nilikwenda kwenye simu ya mezani ya shangazi, nikatoa kadi ya kupigia simu za nje niliyonunua kwa Msomali wetu wa duka la nyama, yule aliyekulia Eastleigh ya kwetu Kenya na anayeongea Kiswahili kunishinda. Nikabonyeza ule mlolongo wa tarakimu, nikawasha spika. Simu ikaita mbali.

"Halo?"

"Baba."

"Mama," akasema, maana nimepewa jina la mama yake, "mbona unapiga? Si leo ndiyo nimekufa?"

"Shangazi yako alinipigia," baba akaendelea, kwa sauti ya kunong'ona. "Tukakubaliana. Nimekaa ndani tangu asubuhi, redio nimezima. Wasijue. Kata simu, mama, usiharibu."

Hilo sikulijua. Shangazi hakuwa amemzika nduguye kwa siri. Alimwomba ruhusa, na yeye akakubali, akajifungia ndani kule kwetu, milima na bahari mbali na Shard End, asije akaonekana yu hai na kunikosesha mume. Hasira yote niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya siku hiyo ilikosa pa kwenda. Nililia mbele ya wageni, kamasi na yote.

"Baba," nikasema, "hapa wamesimama wakakukumbuka."

"Nawashukuru. Imenifikia."

Baba yake mdogo aliinuka, akaisogelea simu kama mtu anayesogelea mimbari. "Mzee," akasema, "mimi ndiye niliyekuja kuuliza."

"Basi niulize mimi," baba akasema, na sasa hakunong'ona. "Mimi niliiba. Nilipewa lango nilinde nikalifungua, kahawa ya watu ikaenda. Nilifungwa nikakitumikia kifungo chote. Huyo alikuwa mtoto wa shule. Kwangu amechukua jina la mama yangu peke yake. Hasira hiyo ni ya dada yangu, msinisingizie."

Shangazi akatoa sauti iliyoanza kama kicheko na kuishia kwingine. Baba yake mdogo alikaa kimya muda mrefu, na bibi kwenye kochi akakaa kimya pamoja naye, na nadhani chumba kizima kiliingia katika ile sala yao bila kujua. Sauti ya mwanamke ya mashine ya kadi ikakatiza kwa Kiingereza kusema imebaki dakika moja.

"Mzee," hatimaye baba yake mdogo akasema, "nilikuja kumwomba binti kwa baba yake. Nikaambiwa hayupo, nikaridhika kumwomba kwa shangazi. Sasa nimempata mwenyewe, na hajanificha kitu. Sisi tuna njaa. Msichana wako ametukataza kula. Wewe unasemaje?"

Nilisikia kuku wa baba. Nilisikia akivuta pumzi, akijaribu kusema, akishindwa, akijaribu tena.

"Kuleni," akasema. "Na mniwekee yangu."

Kadi ikaisha.

Bibi alifariki miaka michache baadaye, akaniachia vile vitabu vya wajinga, na hadi leo nikivishika nasema ahsante kwa sauti. Mume wangu bado ana maneno machache. Watoto wetu wananijibu kwa Kiingereza, na mmoja ana masikio yaliyosimama ambayo sijui ametoa wapi. Lakini ninachokishukuru zaidi ni kile kilichofanyika simu ilipokatika, watu wakiwa bado hawajajua watazame wapi. Shangazi aliinuka, akaingia jikoni, akachukua sahani. Alipakua pilau, akaweka nyama kuliko aliyomwekea mgeni yeyote, akaifunika kwa sahani nyingine isipoe. Akaja nayo, akaiweka mezani mbele ya kiti kimoja, na mtu aliyekuwa amekikalia akakipisha. Ndipo tukala.